Watoto 33 wa Malpasse: uchambuzi wa kisa cha Haiti, 2010

Ijumaa ya tarehe 29 Januari 2010, siku 17 baada ya tetemeko la ardhi lililoibomoa Port-au-Prince, basi lilifika Malpasse, mpakani mwa Haiti na Jamhuri ya Dominika. Ndani yake walikuwamo Wamarekani 10 na watoto 33, mdogo kabisa akiwa na miezi miwili hivi na mkubwa miaka 12. Wamarekani hao, wengi wao waumini wa Kibaptisti kutoka jimbo la Idaho, walikuwa chini ya kundi lililojiita New Life Children's Refuge. Maelezo yao yalikuwa kwamba watoto ni yatima wa tetemeko, na wanapelekwa kwenye hoteli iliyokodiwa Cabarete, pwani ya kaskazini ya Dominika, wakakae huko mpaka kituo cha kudumu kijengwe. Watoto hawakuwa na pasipoti, na wazima waliowabeba hawakuwa na kibali cha serikali ya Haiti. Polisi wakalizuia basi, wazima wakawekwa rumande, watoto wakapelekwa kwenye kijiji cha watoto cha shirika la SOS karibu na Croix-des-Bouquets.

Hapo SOS, watoto wakubwa walipoulizwa tu, wakaanza kutaja majina ya wazazi wao, na wengine wakatoa namba za simu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa hakuna yatima kati yao.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, ama kama ya wezi wa watoto, ama kama ya watu wema walioonewa. Simulizi zote mbili zinaruka sehemu yenye faida kwa mtu anayetaka kwenda kujitolea: jinsi mtoto mwenye mama anavyogeuka yatima ndani ya siku chache, bila mtu yeyote katika mnyororo ule kuona kwamba amesema uongo mkubwa.

Vituo vilivyokuwapo kabla ya tetemeko

Haiti ilikuwa na vituo vingi vya yatima kabla ya 2010, na vingi vilikuwa havina usajili. Msimamizi wao kisheria ni taasisi ya ustawi wa jamii ya serikali, IBESR. Shule nyingi nchini humo ni za binafsi na za kulipia. Mzazi wa kijijini asiye na ada alibaki na njia chache: kumwacha mtoto nyumbani bila shule, kumpeleka mjini akawe restavèk, yaani mtoto anayefanya kazi za ndani kwa ahadi ya kulishwa na kusomeshwa, au kumkabidhi kwa kituo. Kwa wengi, kituo kilionekana bora kuliko hizo nyingine. Mama alijua mwanawe yuko wapi, akimtembelea inapowezekana, akitarajia kumchukua mambo yakitengemaa. Kwake ilikuwa shule ya bweni ya bure. Mfadhili wa ng'ambo aliyetumiwa picha ya mtoto huyohuyo aliambiwa ni yatima.

Shirika la Lumos, katika ripoti yake ya 2017, lilikadiria kuwa watoto wapatao 30,000 wa Haiti wanaishi katika vituo karibu 750, na kwamba takriban asilimia 80 wana mzazi mmoja hai au wote wawili. Hesabu za kimataifa nazo huwachanganya watu. Takwimu za UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, kwa hiyo maelfu wanaotajwa kwenye mabango ya michango ni pamoja na watoto wanaolala kwa mama zao kila usiku.

Kisha likaja tetemeko la 12 Januari, saa 10:53 jioni kwa saa za huko, ukubwa wa 7.0, kitovu chake karibu na Léogâne, kilomita 25 hivi magharibi mwa mji mkuu. Takwimu za vifo bado zinabishaniwa, lakini serikali ilitaja zaidi ya 200,000, na watu wapatao milioni 1.5 walibaki bila makazi. Ikulu, jengo kuu la mahakama na majengo ya wizara nyingi yalianguka. Kumbukumbu za vizazi, faili za ustawi wa jamii na watumishi waliozitunza vilipotea siku moja.

Ni kweli janga kama hilo huacha yatima. Lakini linaowatenganisha na familia zao ni wengi kuliko linaowafanya yatima. Baba yuko kwenye hema la hospitali upande mmoja wa mji, jirani amemchukua mtoto upande mwingine, simu hazishiki. Mtoto mwingine amevunjika mguu, amepelekwa kutibiwa kwenye meli ya hospitali USNS Comfort au Dominika bila ndugu, na anaporuhusiwa kutoka hakuna anayejua aliokotwa mtaa gani. Wiki ya pili tayari yuko kwenye orodha ya kituo fulani, na neno lililoandikwa mbele ya jina lake ndilo litakaloamua maisha yake.

Mnyororo, pingili kwa pingili

Mpango wa kundi lile ulikuwa umeandikwa na kusambazwa makanisani. Ulisema watakusanya yatima 100 kutoka mitaani na kwenye vituo vilivyobomoka, kisha warudi nao Dominika. Ulitaja pia nafasi za kuasili watoto, na nyumba za ufukweni kwa ajili ya wazazi watakaokuja kuwaasili. Kosa la kwanza liko hapo, kwenye ile idadi. Aliyeondoka kwao na mabasi, vitanda na michango ya watoto 100 hatarudi na watoto watano. Vitanda vikishalipiwa vinatafuta watoto wa kuvijaza, na hili halihitaji mtu mwovu, linahitaji bajeti tu. Kila tathmini ya dharura tunayoiamini huanza na idadi isiyojulikana na kuishia na huduma inayolingana na kilichokutwa.

Pingili ya pili ni mtu wa kati. Wageni hawakujua Kikreyoli. Kijana mwenyeji aliyezungumza Kiingereza ndiye aliyewakutanisha na watu wa Callebas, kijiji cha mlimani nje ya mji mkuu, na watoto wengine wakatoka mtaa wa Citron mjini. Wazazi walieleza baadaye walichoambiwa: watoto watasoma, watakuwa na uwanja wa mpira na bwawa la kuogelea, na wao wataweza kuwatembelea. Nyumba zao zilikuwa zimeanguka na chakula hakikuwapo. Mzazi aliyeombwa mtoto na mgeni mwenye basi, siku kumi na kitu baada ya tetemeko, hakuwa na nafasi halisi ya kukataa. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa haiitambui ridhaa ya namna hiyo: mzazi lazima aelezwe matokeo ya kisheria kwa lugha yake, na mtu asiye na faida kwenye jibu, wala asipewe chochote ili akubali.

Ya tatu ni karatasi. Mtoto hutoka Haiti kwa pasipoti, ruhusa ya wazazi iliyothibitishwa, na kibali cha IBESR. Baada ya tetemeko serikali iliongeza kufuli: kila mtoto anayeondoka alihitaji idhini ya Waziri Mkuu Jean-Max Bellerive mwenyewe. Kikosi cha polisi cha ulinzi wa watoto, BPM, kiliwekwa mipakani na uwanja wa ndege kwa msaada wa UNICEF. Na kundi lile lilionywa: balozi mdogo wa Dominika mjini Port-au-Prince alieleza baadaye kuwa alimwambia kiongozi wao kwamba bila nyaraka za Haiti atatuhumiwa kusafirisha watoto kimagendo. Wakaendelea. Wanaojitolea wengi hudhani urasimu wakati wa janga ni kikwazo cha kurukwa kwa nia njema. Kwa upande wa watoto ni kinyume chake: muhuri wa mpakani ndio mlango wa mwisho wenye bawaba pale milango mingine yote imebomoka.

Mashtaka ya utekaji na kula njama yalifunguliwa tarehe 4 Februari. Nane waliachiwa tarehe 17 Februari, wa tisa tarehe 8 Machi. Kiongozi alibaki mpaka 17 Mei, alipopatikana na hatia ya kuandaa safari isiyo halali na kuhukumiwa kifungo kinacholingana na muda aliokwisha kukaa rumande, miezi mitatu na siku kadhaa. Kuna kipande kimoja ambacho wachambuzi wengi wanakisahau. Mtu aliyejitokeza Dominika kama wakili wao aligundulika kuwa anatafutwa El Salvador kwa tuhuma za usafirishaji haramu wa binadamu. Wasamaria na wahalifu hupita barabara ileile baada ya janga, na askari wa mpakani hana kipimo cha kuwatenganisha isipokuwa karatasi.

Wengine walipita kwa njia iliyo wazi zaidi. Tarehe 19 Januari watoto 54 wa kituo kimoja cha Port-au-Prince walipelekwa Pittsburgh, Marekani, gavana wa Pennsylvania akiwamo kwenye msafara, na 12 kati yao hawakuwa kwenye mchakato wowote wa kuasiliwa. Kibali maalumu cha Marekani kwa watoto wa Haiti kilidumu kuanzia katikati ya Januari mpaka katikati ya Aprili, na zaidi ya watoto 1,100 waliingia kwa kibali hicho.

Kilichopaswa kufanywa

Tuwaweke watoto haohao 33 mbele ya timu inayojua kazi. Jambo la kwanza ni kuwagawa kwa hali zao, kwa sababu kila hali ina njia yake. Mtoto asiye na mtu mzima yeyote wa familia yuko peke yake. Aliye na shangazi au kaka mkubwa lakini hajui wazazi walipo ametenganishwa, na hapaswi kuondolewa kwa huyo shangazi. Mwenye wazazi maskini ni mtoto wa familia inayohitaji msaada, na jina lake halina kazi kwenye orodha ya watoto waliopotea. Yatima ni yule ambaye vifo vya wazazi wote wawili vimethibitishwa, si kudhaniwa. Kwenye basi la Malpasse karibu wote wangeangukia kundi la tatu.

Usajili unafanywa pale mtoto alipo, kabla ya kumhamisha. Fomu nzuri haianzii na jina rasmi peke yake. Huuliza jina analoitwa nyumbani, majina ya baba, mama na bibi, wadogo zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, shule na mwalimu wake, kanisa, soko ambalo mama huuza, mto au barabara iliyo karibu na kwao, kazi ya baba. Mtoto wa miaka minne asiyejua jina la mtaa anaweza kujua kuwa jirani ana mbuzi mweusi na kwamba basi la kwenda kwa bibi lina rangi nyekundu. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyasafishe. Andika nguo alizokuwa amevaa na uzitunze, kwa kuwa mama akija atazitambua kabla ya kitu kingine. Andika makovu na alama. Piga picha moja ya uso, mtoto akiwa ameshika namba ya usajili, na picha hiyo ikae kwenye faili, si kwenye simu ya mtu.

Kwa kichanga, chanzo cha habari si mtoto, ni mtu aliyemleta. Hapa ndipo kazi huharibika mara nyingi kuliko popote. Mwanamke anafika na mtoto mikononi, wanaojitolea wanamkimbilia mtoto, maziwa yanatafutwa, picha zinapigwa, na aliyemleta anaondoka zake. Baada ya saa moja hakuna binadamu anayejua mtoto alitolewa kwenye kifusi cha nyumba gani. Kwa hiyo mmoja amhudumie mtoto, na mwingine amkalishe aliyemleta, ampe maji, aandike: ulimtoa wapi, saa ngapi, nani mwingine alikuwapo, nani alikukabidhi, wewe unaishi wapi na nani anakujua. Mtoto afungwe bangili ya namba mkononi mara moja. Ndugu wasitenganishwe hata kama vitanda havitoshi. Wawili walale kimoja.

Baada ya hapo ndipo utafutaji unaanza. Orodha na picha hupelekwa kambini, sokoni na makanisani, redio husoma majina, na Shirika la Msalaba Mwekundu hutumia mtandao wake wa kuunganisha familia. Kuna tahadhari moja ambayo wageni huidharau: bango lisitoe kila kitu. Bango lenye picha, jina la mama, kovu na jina la kijiji linamfundisha tapeli majibu yote. Bakiza mambo mawili matatu kwenye faili. Anayekuja kudai mtoto aulizwe peke yake, mtoto aulizwe peke yake, kisha majibu yalinganishwe na yale yaliyobakizwa. Kwa mdogo asiyejieleza hutumika picha za familia, maelezo ya viongozi wa mtaa na majirani wasiopungua wawili, na jinsi anavyompokea huyo anayedai. Mtoto mkubwa aulizwe kama anataka kurudi, kwa sababu wapo waliokuwa wamekimbia kipigo kabla ya tetemeko.

Kukabidhiana hufanywa kwa maandishi, mbele ya ofisa wa serikali na kiongozi wa eneo. Baada ya mwaka mmoja Haiti ilikuwa imesajili karibu watoto 5,000 waliotengana na familia, na zaidi ya 1,200 walikuwa wameunganishwa nazo. Idadi hizo zinaonyesha kasi halisi ya kazi hii ikifanywa vizuri, na zinaeleza kwa nini miongozo inataka miaka miwili hivi ya kutafuta familia kabla ya kufikiria kumwasili mtoto wa janga. Miaka miwili inaonekana mingi kwa anayesubiri mtoto Idaho. Kwa baba aliyekatwa mguu akiwa hospitali ya nchi jirani haitoshi kila mara.

Kuhusu watoto 33 wenyewe, hatua hizi zilifuatwa baadaye, SOS na maofisa wa Haiti wakikutana na wazazi mmoja mmoja kabla ya kuwakabidhi. Katikati ya Machi karibu wote walikuwa wamerudi kwao.

Ndani ya kituo: madhara ya mikono mingi

Tuseme kituo ni cha kweli, kimesajiliwa, na watoto kweli hawana pa kwenda kwa sasa. Je, mtu wa kujitolea wa wiki mbili ana kazi hapo? Anayo, ila mara chache ni ile anayoifikiria.

Watu hutaka kubeba watoto. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hujenga utulivu kwa kumzoea mlezi mmoja au wawili wanaojirudia: sauti ileile asubuhi, mkono uleule usiku. Utafiti wa Bucharest ulioanza mwaka 2000 ukiwa na watoto 136 wa vituo vya Romania ulionyesha kuwa waliohamishiwa kwenye familia za malezi ya kambo walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sasa mletee mtoto aliyepoteza nyumba wageni sita, kila mmoja anampenda sana kwa siku kumi, kisha anaondoka. Utamwona akimkimbilia kila mgeni getini na kumkumbatia. Wageni hulisifu jambo hilo: watoto hawa wana upendo wa ajabu! Mtaalamu akiliona huandika tahadhari kwenye faili, maana mtoto mwenye usalama wa moyo humwogopa kwanza mtu asiyemjua.

La pili ni maziwa ya kopo. Baada ya tetemeko misaada ya maziwa ya unga ilimiminika Haiti, ikabidi mashirika yatoe tamko la pamoja kuomba watu waache kuyatuma na kuyagawa ovyo. Sababu ni rahisi: maji machafu, chupa isiyochemshwa, kipimo kilichopunguzwa ili kopo lidumu, na mama anayenyonyesha akipewa kopo la bure maziwa yake yanapungua ndani ya siku chache. Suluhisho lililofanya kazi ni mahema ya watoto wachanga, ambako mama alipewa faragha, chakula na mshauri wa unyonyeshaji, na mtoto asiye na mama akapewa maziwa yaliyokwisha kutayarishwa yasiyohitaji maji, kwa orodha na kwa uangalizi. Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kiliingia Haiti. Waliokuwa wamezoea kutayarisha maziwa ya chupa kwa maji ya kisima cha jirani hawakuhitaji kuelezwa tena.

La tatu ni moto na usiku, mambo yasiyo na picha nzuri. Februari 2020 watoto 15 walikufa katika kituo cha kanisa moja la Marekani huko milimani karibu na Port-au-Prince, kituo ambacho hakikuwa na idhini. Jenereta ilikuwa haifanyi kazi, ikatumika mishumaa. Mgeni anayefika saa tatu asubuhi na kuondoka saa kumi jioni hawezi kujua kwamba usiku kuna mlezi mmoja kwa watoto thelathini na mlango wa bweni unafungwa kwa nje.

Kwa hiyo kazi zenye maana ni hizi, na nyingi zinafanywa mbali na watoto. Hesabu maji: kiwango cha chini cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga, maana yake kituo cha watu 60 kinahitaji lita 900 kila siku, tangi la lita 1,000 likijazwa kila asubuhi. Pima klorini iliyobaki bombani, isipungue miligramu 0.5 kwa lita wakati wa mlipuko wa magonjwa. Choo kimoja kwa watu 20, wasichana wawe na vyao, mlango uwe na komeo la ndani na taa njiani. Nafasi ya kulala yenye paa isipungue meta za mraba 3.5 kwa mtu. Ukipima na kukuta moja na nusu, tatizo la kituo si ukosefu wa magodoro, ni wingi wa watoto, na godoro jipya litaongeza wengine. Toboa mlango wa pili wa bweni. Nunua taa za sola, ondoa mishumaa. Lipa mshahara wa walezi wa usiku kwa miezi sita badala ya tiketi ya ndege. Wengi wao wamepoteza nyumba katika janga hilohilo na wanalala kazini kwa sababu hawana pengine.

Kazi ya daftari ni muhimu zaidi ya hizo zote. Kaa na mkuu wa kituo mpitie kila jina: aliingia lini, nani alimleta, mara ya mwisho ndugu walikuja lini, wanaishi wapi. Daftari likionyesha watoto 20 walioingia mwezi mmoja baada ya janga na hakuna hata jina moja la aliyewaleta, simamisha shughuli nyingine zote na uwaite watu wa ustawi wa jamii. Likionyesha namba za simu za wazazi, umepata kazi ya wiki zako mbili: mlipe mhudumu mwenyeji anayejua lugha na njia, apige simu hizo na kutembelea hizo nyumba. Wewe shika kalamu.

Kwa anayelazimika kukaa karibu na watoto, masharti hayajadiliwi. Awe amekaguliwa kumbukumbu za polisi kwao. Asibaki na mtoto peke yake chumbani, wawepo watu wazima wawili wakati wote. Asipige picha za nyuso wala kuandika mahali kituo kilipo. Asimuulize mtoto asimulie siku ya tetemeko. Kumchokonoa mtoto aeleze aliyoyaona hakumponyi, na huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni kumsikiliza akiamua kusema, kumjulisha kinachofuata leo, na kumrudishia ratiba ya chakula, mchezo na shule. Asitoe zawadi kwa mmoja. Na asiahidi kurudi.

Pesa zinakokwenda

Ripoti ileile ya Lumos ilikadiria kuwa wafadhili wa nje hutuma dola milioni 70 kwa mwaka kwa theluthi moja tu ya vituo vya Haiti. Fedha hulipwa kwa kichwa cha mtoto, na kituo kinachorudisha watoto nyumbani kinapunguza mapato yake. Mkuu wa kituo asiye na nia yoyote mbaya atasitasita kumtafuta mama wa mtoto ambaye picha yake inaleta dola 35 kila mwezi, kama ndivyo mkataba na mfadhili ulivyo. Dawa yake ni kubadili kinachofadhiliwa: ada ya shule ilipwe shuleni mtoto akilala kwao, mtaji mdogo wa mama, paa la nyumba, chakula cha miezi ya kwanza. Familia ya Callebas ilihitaji hayo, na hayakuhitaji basi.

Haiti iliridhia Mkataba wa The Hague kuhusu kuasili watoto mwishoni mwa 2013, ukaanza kutumika Aprili 2014. Nepal, lilipoipiga tetemeko la 2015, ilisimamisha mapema usajili wa vituo vipya na uasili wa nje, na ikakataza mtoto kuvushwa wilaya bila mzazi au mlezi. Somo la Haiti lilikuwa limefika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Huku kwetu mgeni njoo mwenyeji apone imekuwa biashara yenye ratiba: mgeni wa Arusha au Mombasa hununua safari ya wanyama na siku tano za kituo cha watoto kwa risiti moja. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017 na tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia. Rwanda, iliyokuwa na maelfu ya watoto waliotengana na familia baada ya 1994, ilianza mwaka 2012 kuvifunga vituo hatua kwa hatua. Janga nalo halituko mbali. Katesh ilifukiwa na tope Desemba 2023, Mai Mahiu ikasombwa na maji Aprili 2024, na katika siku za kwanza za mkasa wa namna hiyo simu za WhatsApp hujaa watu wanaouliza yatima wako wapi wawachukue.

Jibu sahihi kwa simu hizo ni fupi. Mtoto aliyeokotwa apelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa Tanzania, au ofisa wa watoto wa kaunti ndogo kwa Kenya, au polisi dawati la jinsia na watoto. Namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Aliyemwokota aache jina, simu na mahali alipomkuta. Anayetaka kumlea aombe kutambuliwa kama mlezi wa kambo kupitia ofisi hiyohiyo, na akubali kuwa ndugu wakipatikana mtoto ataondoka. Mwenye basi alitumie kupeleka wazazi hospitalini wakatazame orodha za majeruhi, maana watoto wengine wamelazwa huko wakiwa hawajulikani kwa majina, na muuguzi wa zamu ndiye mwenye namba za vitanda vyao.